Mwanga Kwenye Mkojo: Kupima Saratani ya Kibofu Mtwara na Bonde la Ruvuma



Naanza na kikombe cha plastiki. Mtoto wa shule anakileta kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao mayai ya kichocho hutoka kwa wingi. Matone ya mwisho ni mekundu. Mtaalamu wa maabara anachuja mililita 10, anatazama kwa darubini, anaona yai lenye mwiba mkiani. Mtoto huyu atapewa prazikwanteli. Anayeninyima usingizi ni mjomba wake, mtu mzima aliyelima majaruba ya mpunga kandokando ya Ruvuma tangu udogoni, naye anakojoa damu. Ni kichocho tu, au ni saratani ya kibofu?

Swali hilo lina msingi. Mayai yanayonasa kwenye ukuta wa kibofu huuwasha na kuuchubua miaka nenda rudi, na mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliwaweka minyoo wa kichocho cha mkojo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Konokono wanaobeba vimelea hivyo hawako kwenye maji ya chumvi ya mikoko, pale mto unapoingia baharini. Wako juu ya mto, kwenye madimbwi na mifereji ya maji baridi kama ya majaruba ya mjomba huyo.

Sasa tuone jinsi mwanga unavyoweza kutumika kutafuta saratani hiyo kwenye mkojo. Kioo hupakwa dhahabu nyembamba mno, unene wa nanomita kama 50, juu yake hubandikwa kingamwili zinazokamata protini ya uvimbe. Mkojo hupitishwa juu ya dhahabu hiyo, na mwale wa mwanga hupigwa kutokea upande wa kioo. Protini ikinasa, pembe ambayo dhahabu humeza mwanga husogea kidogo, na kusogea huko ndiko kunakopimwa. Ni kazi nzuri kweli, tena haihitaji kumchoma mgonjwa sindano.

Lakini mkojo wetu una mambo yake. Ukiwa na damu na usaha, protini nyingine hujibandika kwenye dhahabu na kuvuruga kipimo. Saratani ya kibofu inayojulikana zaidi Ulaya na Marekani huanzia kwenye seli za utando wa njia ya mkojo, ilhali ile ya kichocho mara nyingi ni ya seli bapa. Protini za kuitambua moja si lazima ziitambue nyingine. Halafu kuna joto la pwani. Maji yakipata joto, mwanga hupinda tofauti ndani yake, na kifaa kisichodhibiti joto kitalisoma joto hilo kama ugonjwa.

Kipimo hiki hakitaondoa kamera ya kibofu wala kukata kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi. Kitatusaidia kujua nani asafirishwe mapema kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa Mtwara.

Kwa hiyo naomba Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, kwa ridhaa ya wagonjwa, ihifadhi kwenye majokofu mkojo wa wenye kichocho, wa wenye saratani iliyothibitishwa na wa watu wazima wenye afya. Atakayetuletea kifaa inabidi akijaribu kwanza kwa mkojo huo kabla hatujakinunua.