Kalamu ya muuguzi na maumivu ya saratani

Msikilizaji, tukizungumzia saratani hutaja mashine na gharama. Maumivu tunayasahau.

Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha shirika la Hospice Africa Uganda mjini Kampala, akaeneza morfini ya kunywa, dawa ya maumivu makali: unga wa dawa uliochanganywa na maji, kwa bei nafuu. Lakini dawa isiyo na wa kuiandika ni chupa tu, na vijijini daktari ni wa kutafutwa kwa tochi. Mwaka 2004 Uganda ikabadili kanuni: wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa, wakaruhusiwa kuandika morfini wenyewe. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, na ulikuwa sahihi.

Maana muuguzi ndiye anayekaa na mgonjwa. Anajua parasetamoli na diklofenaki zina kikomo, na kwamba kuzidisha diklofenaki huchoma tumbo na kuumiza figo, huku maumivu makali yakibaki palepale. Anajua morfini hii hunywewa kila baada ya saa nne, bila kungoja mtu alie kwanza. Huambatanisha dawa ya kulainisha choo, kwani morfini hufunga choo. Na huhesabu pumzi: zikipungua mno, dozi inasimama, daktari anaitwa.

Familia nyingi huogopa uraibu. Woga huo naulewa, ila kwa mgonjwa wa saratani anayepimiwa dozi na kufuatiliwa, hatari hiyo ni ndogo. Kama nyumbani kwako kuna mtu asiyelala kwa maumivu ya saratani, muulize muuguzi wake kuhusu morfini. Muulize leo.