MAFUNJO YETU TUYAANDIKE

Ndugu wanakisomo wa Gwarama,

Leo hatuzungumzi habari za mbolea wala uji wa watoto. Tunazungumza juu ya mafunjo. Tunajua wengine watacheka: mafunjo nayo yana habari gani?

Juzi darasani tuliuliza swali dogo. Miaka kumi iliyopita, mafunjo ya bondeni yalifika wapi? Mzee mmoja alisema yalifika kwenye mkuyu. Mama mmoja akakataa kabisa, akasema hayakuvuka njia ya ng'ombe. Wote wawili ni watu wa kweli. Lakini hakuna aliyeandika, basi ubishi haukwisha.

Ubishi huo si mchezo. Bondeni ndiko tunakolima mboga na maharage wakati wa kiangazi, na ndiko tunakochota maji. Mafunjo hushika udongo unaotoka milimani. Hupunguza mbio za maji, na samaki huzalia humo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Sasa, mwenye bustani akiambiwa ameingilia mto, naye akisema mto ndio uliomfuata, tutaamuaje bila maandishi?

Tena maji haya si yetu peke yetu. Maji mengi ya Kakonko, Kibondo na Kasulu huenda mto Malagarasi. Huko chini yapo mabwawa makubwa ya mafunjo na matete, ya Malagarasi na Muyovozi, halafu mto huingia Ziwa Tanganyika. Mwaka 2000 mabwawa hayo yaliandikishwa katika Mkataba wa Ramsar, mkataba wa mataifa wa kulinda ardhi zenye majimaji. Yalikuwa ya kwanza kuandikishwa katika Tanzania.

Wenzetu wa Ziwa Victoria wamekwisha kuona hasara ya mmea wa majini. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini. Ua lake ni zuri, na labda ndiyo sababu watu walilibeba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana ziwani, na jingine lililetwa na mto Kagera. Hupata kuongezeka mara mbili kwa muda wa wiki mbili hivi! Mitumbwi ilikwama, na meli zilishindwa kufika gatini. Tangu mwaka 1995 Uganda, kisha Kenya na Tanzania, walitia wadudu wadogo wanaokula gugu hilo, likapungua sana. Lakini mbegu zake hukaa matopeni miaka mingi. Baada ya mvua kubwa za mwaka 2006 lilirudi kwa wingi katika ghuba ya Kisumu. Mtu aliyepima mwaka mmoja tu angesema limekwisha.

Sisi tutapimaje? Tutasimika nguzo moja mahali pakavu. Kutoka hapo tutavuta kamba hadi mafunjo yanapoanzia, tuandike ni meta ngapi. Kisha tutaweka fremu ya miti ya meta moja kila upande, tuhesabu mashina yaliyomo. Tutaandika tarehe, kina cha maji, na mmea wowote mgeni. Mmea mgeni msiupeleke nyumbani kupamba.

Tuseme kosa letu pia. Katika kijiji kingine tulipofanya kazi hii, mwaka wa kwanza tulipima Julai. Mwaka wa pili tulichelewa, tukapima Desemba, mvua zimekwisha kunyesha. Maji yalikuwa yamepanda, na nguzo yenyewe ilikuwa imegeuzwa kuni. Hesabu zile hazikulingana na kitu. Kazi ya miaka miwili ikapotea, na lawama ni zetu.

Kwa hiyo tutapima Jumamosi ya kwanza ya Septemba, kila mwaka, nguzo ile ile. Daftari litakuwa mbili: moja ofisi ya kijiji, moja darasani. Saa moja asubuhi tukutane kwenye mkuyu. Mwenye kamba ndefu aje nayo, na viatu vizuri viachwe nyumbani.