Hedifoni za Mfupani Haziondoi Fimbo Nyeupe

Yafuatayo ni maneno yaliyotolewa mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi kwa mnasaba wa Siku ya Fimbo Nyeupe, ambayo huadhimishwa tarehe 15 Oktoba kila mwaka.



Mwenye macho akizibwa masikio bado anaweza kuvuka barabara kwa kutazama kulia na kushoto. Asiyeona akizibwa masikio hubakiwa na fimbo yake tu, nayo fimbo haimwonyi gari inayokuja. Kwa sikio huitambua gari ingali mbali, huijua njia panda kwa namna sauti zinavyofunguka, na huuhisi ukuta kwa mwangwi wa nyayo zake mwenyewe. Kwa hivyo kila chombo kinachokusudiwa kumwongoza asiyeona hapana budi kwanza kiulizwe: je, kinamwachia masikio yake?

Siku hizi simu ya mkononi huweza kumweleza mtu mahali alipo na njia ya kufuata. Tatizo limekuwa namna ya kumfikishia maneno hayo, kwani hedifoni za kawaida huziba tundu la sikio. Hedifoni za mfupani hazitiwi sikioni. Hukaa mbele kidogo ya sikio, juu ya mfupa wa shavu, na kuutikisa mfupa huo kwa mitetemo midogo. Mitetemo hiyo hupita katika fuvu hadi sikio la ndani, ikasikika kama sauti, ilhali tundu la sikio limebaki wazi. Elimu hii si ngeni. Katika miaka ya 1920 Hugo Gernsback wa Marekani alibuni chombo cha namna hiyo kwa ajili ya watu wenye uziwi.

Nchini Uingereza, mwaka 2014, kampuni ya Microsoft na jumuiya ya Guide Dogs zilizijaribu hedifoni hizo pamoja na watu wasioona katika safari baina ya Reading na London. Kazi hiyo ilizaa programu ya simu iliyoitwa Soundscape, iliyotolewa mwaka 2018. Programu hiyo haikumwamuru mtu apinde kulia au kushoto. Ilimsikilizisha mlio kutoka upande wa mahali aendapo, naye akajichagulia njia. Hata hivyo, mwaka 2023 Microsoft iliiondoa programu hiyo, ingawa iliwaachia wengine maandishi yake ili waiendeleze. Hapa pana funzo kwa wapangaji wa mipango: chombo huweza kudumu mkononi, na huduma inayokiendesha ikafungwa ng'ambo.

Ndugu Wananchi,

Manufaa hayo yana mipaka yake. Kwanza, sauti ya mfupani na sauti ya barabarani hukutana katika sikio lile lile la ndani. Anayesikiliza redio kwa sauti kubwa kwa hedifoni hizi atapitwa na mlio wa honi, ijapokuwa sikio lake liko wazi. Maelekezo na yawe mafupi, na baada yake kimya.

Pili, simu hupata mahali kwa njia ya setilaiti, na hata penye uwazi wa mbingu huweza kukosea kwa takriban mita 5. Masafa hayo yanazidi upana wa vichochoro vingi vya Mji Mkongwe, ambako kuta ndefu huzuia mawimbi au kuyarudisha. Simu huweza kudhani mtu yuko kichochoro cha pili.

Tatu, ramani haijui mtaro ulioachwa bila ya kifuniko jana, wala rundo la mchanga, wala vespa iliyoegeshwa njiani. Hayo huyagundua fimbo nyeupe peke yake. Hedifoni humwambia mtu aendako. Fimbo humwambia anapokanyaga.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazitaka nchi, katika kifungu cha 20, kuwarahisishia watu hao kupata vifaa bora vya kutembelea kwa gharama wanayoimudu. Kwa mnasaba huo, wote wanaombwa kuzingatia yafuatayo:

Taasisi zinazokusudia kununua vifaa hivi zisinunue kabla wasioona wenyewe hawajavijaribu katika mitaa yao, wala kabla ya kuhakikisha kwamba simu inatamka Kiswahili barabara. Mafunzo ya fimbo yatangulie.

Wanaochimba njia na mitaro waweke vizuizi ambavyo fimbo huvigusa. Utepe unaoning'inia hautoshi.

Wenye maduka na wenye vyombo wasizibe njia za waendao kwa miguu.

Madereva wapunguze mwendo waonapo fimbo nyeupe, hasa wenye vyombo vya umeme, ambavyo havina mngurumo. Umoja wa Ulaya umelazimisha magari mapya ya umeme kutoa sauti yaendapo polepole, tangu mwaka 2021. Pasipo na sauti hiyo, dereva ndiye wa kujihadhari.

Chombo kizuri kikiwekwa katika njia mbovu humfikisha mtu haraka kwenye shimo. Tununue vyombo, lakini tuanze na njia, kwani hiyo haingoji fedha za kigeni wala setilaiti.