Pesa Hutangulia, Simu Hufuata: Kununua Simu Zilizotumika Mtandaoni, Pwani ya Kusini



Kijana wa Msambweni anayetaka simu janja leo ana njia mbili. Anaweza kupanda matatu hadi Ukunda, akaingia dukani, akaishika simu, akaigeuzageuza, akatia laini yake na kupiga. Au anaweza kukaa barazani, akaona tangazo la iPhone “ya ex-UK, safi kama mpya”, akatuma pesa kwa M-Pesa na kungoja kifurushi kiletwe na basi kutoka Nairobi. Njia ya pili mara nyingi ni nafuu, nami sikuja hapa kuikataza. Simu mpya zimekuwa ghali. Kodi ya VAT, iliyoondolewa kwenye simu mwaka 2009, ilirudi 2013, na mwaka 2022 simu zinazoagizwa kutoka nje ziliongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10. Mtu anayetegemea kazi za hoteli za Diani, ambazo hupanda na kushuka na msimu wa watalii, hana kosa kutafuta simu ya mtumba. Hoja yangu ni kwamba hatari kubwa haitokani na uzee wa simu. Inatokana na utaratibu wa malipo: pesa ya mnunuzi inavuka kivuko cha Likoni kabla simu haijavuka.

Tuanze na huo usafi unaotangazwa. Kampuni ya Apple yenyewe, ikikarabati iPhone, huitia betri mpya na ganda jipya na kuiuza kwa dhamana ya mwaka mmoja. Fundi wa kibandani Luthuli Avenue, Nairobi, naye anaweza kubadilisha kioo, akapachika betri isiyojulikana ilikotoka, akaing'arisha na kuitia kwenye boksi. Kwenye tangazo, simu hizo mbili husifiwa kwa maneno yaleyale. Ukiishika mkononi kuna dalili. Fungua mipangilio ya iPhone utazame namba ya modeli: ikianza na M, iliuzwa ikiwa mpya; F, ilikarabatiwa na Apple; N, ilitolewa kuziba nafasi ya iliyoharibika. Modeli za karibuni pia huonyesha kama betri au kioo kilibadilishwa, na kama kipuri hicho hakitambuliki. Na muuzaji akijisifu kwamba simu ya miaka mitano ina betri ya asilimia 100, amekwambia tu kwamba betri ilibadilishwa. Muulize ni betri ya nani.

Kwetu pwani kuna la ziada. Simu inayosifiwa kwamba haiingii maji ilipimwa kwa maji baridi, si ya bahari, na ikishafunguliwa na kufungwa bila gundi yake ya kuzuia maji, sifa hiyo imekwisha. Nahodha wa Shimoni au mama wa mwani wa Kibuyuni asilipie hata shilingi moja ya ziada kwa ajili ya sifa hiyo kwenye simu iliyokwisha kufunguliwa. Chomoa trei ya laini umulike ndani kwa tochi. Simu nyingi zina alama nyeupe humo, na maji yakiifikia hugeuka nyekundu. Kama simu haina trei yenyewe, huenda ni iPhone 14 au ya baadaye iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, ambayo hutumia laini ya kielektroniki pekee. Si mbovu, ila mwenye kuinunua ajue mapema kwamba laini yake ya plastiki haitaingia popote.

Mtego ninaouogopa zaidi ni wa simu za mkopo. Tangu Safaricom na Google walipoanzisha Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, na kampuni kama M-KOPA kupanua mpango wa aina hiyo, watu wengi wamepata simu kwa kiingilio kidogo na malipo ya kila siku. Ni mpango wenye manufaa. Lakini ndani ya simu kuna kufuli ya programu: malipo yakikatika, simu hujifunga, na hata ukifuta kila kitu kufuli hurudi. Sasa mtu akishindwa na deni, au akiamua tu kulikimbia, anaitangaza simu mtandaoni. Siku unapoipokea inapiga, inapiga picha, inafungua WhatsApp. Baada ya siku kadhaa kioo kinaandika kwamba unadaiwa. Hapo unalipa deni la mtu usiyemjua, au unabaki na kipande cha glasi. Kipimo kimoja hukamata mengi: mbele ya muuzaji, futa simu yote, iwashe upya ikiwa kwenye intaneti, uianzishe kwa akaunti yako mwenyewe. Akaunti ya Google au ya Apple ya mwenye simu ikiwa bado imo, itajitokeza hapo. Kufuli ya mkopo inaweza kukaa kimya ikiwa malipo ya wiki hiyo yamefanywa, kwa hiyo dai pia boksi na risiti, na kama simu ilikopwa, uthibitisho kwamba deni limekwisha.

Namba ya IMEI, inayotokea ukibonyeza *#06#, ifanane na ile ya kwenye boksi. Wazee wa shughuli hii wanakumbuka Septemba 30, 2012, serikali ilipoagiza simu bandia zizimwe. Zaidi ya milioni moja zilinyamaza, na hasara iliwaangukia wenye kuzibeba mifukoni. Na simu ikiwa kongwe sana huzimika pole pole bila amri ya serikali: tangu Mei 2025 WhatsApp imeacha kufanya kazi kwenye iPhone 6, na bado iPhone 6 zinatangazwa.

Vipimo vyote hivi vinataka mkono uishike simu. Aliyelipa kabla ya kuipokea ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Wengine hujipa moyo kwamba M-Pesa hurudishwa ukipeleka ujumbe wa muamala kwa 456. Huduma hiyo iliwekwa kwa aliyekosea namba, na mpokeaji akishatoa pesa hakuna cha kurudisha. Sheria tunayo: Katiba, kifungu cha 46, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, ambayo inagusa hata mikataba ya mtandaoni. Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya 2016, nayo inapokea madai ya hadi shilingi milioni moja. Lakini mahakama itamwita nani, ikiwa unachokijua ni jina la ukurasa na namba ya simu iliyozimwa?

Ndiyo maana namtetea fundi wa Ukunda anayeuza simu ileile kwa bei ya juu kidogo. Kwa ile nyongeza unalipia mlango wa kurudi kugonga. Na kwa anayeshikilia kuagiza mbali, sharti liwe moja: alipe akiwa ameshaifungua na kuijaribu simu. Kikwazo kiko kwenye ofisi za vifurushi, ambako mpokeaji huweza kuambiwa atoe pesa kwanza ndipo afungue. Vikundi vya akina mama na vya waendesha bodaboda vilivyomo katika semina hii ndivyo wateja wa ofisi hizo. Napendekeza mjadala uanzie hapo: je, vikienda pamoja kuomba mpokeaji apewe nusu saa ya kukagua simu kabla ya kulipa, ni ofisi ipi ya vifurushi Ukunda itakayokubali kwanza?