Jirani Aliyesoma Mizani



Nimeombwa niseme habari za ushirika wa zamani. Nami nitasema habari za mtu mmoja. Nilipokuwa mtoto huko Usukuma, kabla ya Victoria Federation kuundwa mwaka 1955, tulikuwa na jirani, mzee ajuaye hesabu. Siku za soko la pamba aliacha shamba lake, akafuatana na wajane na wasiojua kusoma mpaka penye mizani ya mnunuzi. Hakugombana na mtu. Alisimama tu, akazisoma ratili kwa sauti, kila mtu asikie. Siku moja mama yangu aliandikiwa ratili 40. Mzee akaomba gunia lipimwe tena, zikaonekana 52. Tofauti ile ilitosha kuninunulia nguo za shule. Ujira hakuutaka, alikunywa maji, akaenda zake.

Ndugu zangu, leo mizani ni yetu. Lakini mizani isiyotazamwa hudhulumu hata ikiwa ya chama. Basi katika miaka kumi ijayo, kila mwanachama na afundishwe kuisoma mwenyewe, na ajuaye asimame karibu na jirani yake asiyejua. Hiyo ndiyo shukrani impasayo mzee yule.