Kutoka Wodini hadi Wizarani: Profesa David Mwakyusa na Kazi Iliyobaki katika Zahanati za Rungwe



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia uongozi katika huduma za afya. Nimeona niuzungumzie kupitia mtu ambaye hapa Tukuyu hahitaji kutambulishwa: Profesa David Mwakyusa, aliyekuwa mbunge wetu wa Rungwe Magharibi, na Waziri wa Afya na Ustawi wa Jamii kuanzia 2006 hadi 2010.

Kabla ya uwaziri alikuwa daktari wa Mwalimu Nyerere. Alikuwa naye London, katika Hospitali ya St Thomas', Mwalimu alipokuwa akiugua saratani ya damu hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Daktari aliye kando ya kitanda humwona mgonjwa wake: humpima, humwuliza kama amelala, na dawa isipofaa huibadilisha usiku uleule. Waziri hana kitanda cha kusimama kando yake. Mgonjwa wake ni nchi nzima, naye humwona kupitia karatasi tu.

Tuchukue mfano wa malaria. Mwaka 2001 nchi iliachana na klorokwini ikashika dawa ya SP (sulfadoksini-pirimethamini). Nayo SP ikaanza kuzidiwa na vimelea, ndipo mwishoni mwa 2006 na kuingia 2007, Profesa Mwakyusa akiwa wizarani, ikaja dawa mseto, ALu. Kitaalamu uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini tazameni ulivyofika kwenye dirisha la dawa. SP mtu mzima alimeza vidonge vitatu mara moja, basi. ALu ni vidonge 24 kwa siku tatu: vinne kila mara, dozi ya pili saa nane baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni, tena pamoja na chakula chenye mafuta. Mama aliyeshuka na mtoto mgongoni, mvua ikinyesha, anayajua hayo akiambiwa tu. Homa ikishuka siku ya pili, vidonge vilivyobaki huwekwa kabatini vimsubiri mgonjwa mwingine. Saini ya waziri haifiki kwenye kabati hilo. Muuguzi anafika, kwa maneno yake, na kwa Kinyakyusa inapobidi.

Mwaka 2007 ulianza pia Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, uliolenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo zito kuliko yote ya kipindi chake, na ndilo gumu kuliko yote, maana kuta hupanda kwa nguvu za wananchi, ila mganga husomeshwa miaka.

Wapo mawaziri waliomwona mgonjwa huyo kwa karibu kabla ya kufika wizarani. Wenzetu wa Ufilipino walimpata Juan Flavier, daktari aliyetibu vijijini miaka mingi kabla ya kuwa waziri wa afya mwaka 1992. Akiwa waziri aliendesha siku za chanjo za kitaifa, watoto wakafuatwa waliko. Alikuwa ameshaijua njia ya kijijini kwa miguu yake. Viongozi wengi hawana bahati hiyo, kwa hiyo hutegemea sisi tuwaeleze.

Na sisi tunawaeleza kwa MTUHA, yaani vitabu vya taarifa za huduma za afya. Kitabu hicho kikijazwa mwisho wa mwezi kwa kukisia, au siku ambazo dawa hazikuwepo zisipoandikwa, hata daktari bingwa aliyeko wizarani atamwandikia dawa mgonjwa asiyekuwepo.

Ndugu zangu waganga wafawidhi, naomba mambo mawili. Jazeni MTUHA siku ileile mgonjwa anapohudumiwa, na siku dawa inapoisha iandikwe hivyo bila woga. Nanyi madiwani na wajumbe wa kamati za afya, itisheni vitabu hivyo mvisome kabla ya kupitisha bajeti ya halmashauri.