Kiwanja cha Wazi Si Kiwanja Kitupu

(Yafuatayo ni maelezo ya msimamizi mstaafu wa bustani za umma, aliyoyatoa mbele ya walimu na watumishi wa umma katika kata ya Ilomba, Mbeya.)



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya kusimamia bustani ya umma na viwanja vya mapumziko. Watu wengi hudhani kwamba kazi hii ni kumwagilia maua na kufukuza mbuzi. Hata mimi nilipokabidhiwa bustani kwa mara ya kwanza nilidhani hivyo. Nilipewa funguo za stoo, toroli mbili, mafyekeo na vibarua wachache. Sikupewa ramani, wala sikuiuliza. Kosa hilo ndilo lililonifundisha kazi, na ndilo nililokuja kuwasimulia.

Bustani hiyo ilikuwa katika mji ambao hapana haja ya kuutaja. Karibu na kituo cha basi palikuwa na pembe moja isiyoota majani vizuri. Mama mmoja mjane aliniomba aweke hapo meza ya kuuzia chai. Nilimhurumia, nikamruhusu kwa mdomo. Baada ya miezi michache meza ikapata paa la turubai. Mwaka uliofuata ikawa kibanda cha mbao. Kisha kibanda kikauzwa kwa mtu mwingine, naye akajenga kwa matofali. Wengine wakafuata nyayo zake. Nilipokwenda kuidai pembe ile, mwenye nyumba aliniuliza swali moja tu: "Mpaka wenu uko wapi?" Sikuwa na jibu. Jiwe la mpaka lilikuwa chini ya sakafu yake.

Mama yule hakuwa mwizi. Mwenye kosa nilikuwa mimi, niliyetoa kwa huruma kitu kisichokuwa changu. Watoto waliokuwa wakicheza mdako mahali pale hawakuulizwa, wala hawakuwa na ofisi ya kupeleka malalamiko yao.

Tangu siku hiyo nilielewa kwamba kazi ya kwanza ya msimamizi si maua, bali ni kulinda nafasi. Kiwanja cha wazi si kiwanja kitupu. Kina kazi yake, na kazi hiyo ni kubaki wazi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo basi, msimamizi sharti awe na ramani ya upimaji, ayajue mawe ya mpaka kama ajuavyo vidole vyake, na kila ruhusa aitoayo iwe ya maandishi na yenye tarehe ya kwisha. Matumizi ya ardhi ya mji hayabadilishwi kwa neno la mtu mmoja, hata akiwa na cheo gani. Upo utaratibu chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007.

Ndugu zangu, jambo hili ni la usawa wa binadamu. Miji yetu mingi ilipangwa enzi za ukoloni kwa kuwatenga watu. Majina ya Uzunguni na Uhindini yangaliko hapa hapa Mbeya. Bustani nzuri na vivuli vilikuwa vya wakubwa. Hata Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kiliachwa wazi ili kiyatenge makazi ya Waafrika na sehemu za watu wengine. Baada ya Uhuru viwanja vya namna hiyo vikawa vya kila mtu. Mwenye nyumba kubwa ana ua wake wa kupumzikia. Aliyepanga chumba kimoja na watoto watano hana ua mwingine ila kiwanja cha umma. Kikiuzwa, yeye ndiye anayenyang'anywa.

Jirani zetu wa Kenya walipata somo hilo mwaka 1989. Uhuru Park, bustani ya katikati ya Nairobi iliyofunguliwa kwa wananchi mwaka 1969, ilikusudiwa kujengwa ndani yake jumba la ghorofa 60, ambalo lingekuwa pia na ofisi za KANU, chama tawala cha wakati ule. Profesa Wangari Maathai alipinga kwa barua na kwa hoja. Alitukanwa na kudharauliwa, lakini hakurudi nyuma, na hatimaye mradi ukaachwa. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Tusisahau kwamba silaha yake ya kwanza ilikuwa kalamu, na kila mmoja wenu hapa anayo.

Nafasi ikishalindwa, ndipo inapofuata kazi ya kila siku. Msimamizi huanza asubuhi kwa kuizunguka bustani kwa miguu. Hutazama minyororo na misumari ya bembea, kwa sababu bembea mbovu haitoi taarifa kabla ya kumvunja mtoto mkono. Hutazama matawi makavu juu ya mabenchi. Hukagua choo, maana bustani isiyo na choo kisafi humfukuza mama mwenye mtoto kabla ya kumfukuza mtu mwingine yeyote. Hapa kwetu, ambapo kiangazi huanza Mei na kuendelea hadi Oktoba, hupanga maji yake mapema, na miche huisubiri mvua ya Novemba. Mikaratusi haimfai katika bustani ndogo, kwani hunywa maji mengi.

Aidha, yeye ni mwamuzi. Vijana wanataka mpira, wengine harusi, wengine mahubiri, na wote wanataka Jumamosi. Dawa yake ni daftari moja lililo wazi kwa wote: aliyetangulia kuandikwa ndiye atakayetangulia kutumia, na mkubwa asubiri zamu yake. Kila senti iandikiwe stakabadhi.

Lakini uko mtego mmoja. Msimamizi akiulizwa mapato tu kila mwezi, ataanza kukodisha kila pembe, kisha atajenga ukuta na kuweka kiingilio, mpaka mtoto asiye na kitu abaki nje akichungulia. Ada ya harusi si dhambi. Inanunua mabomba na taa. Hata hivyo, taarifa ya bustani isiishie kwenye shilingi, bali ieleze pia watu wangapi waliingia, wazee wangapi walipata kivuli, na kama wasichana wanaweza kupita humo jioni bila hofu.

Sasa nirudi Ilomba. Kata hii iko kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Tunduma, na nyumba zinaongezeka. Mahali kama hapa, uwanja wa shule mara nyingi ndio bustani pekee ambayo mtoto anaijua. Kwa hiyo, mwalimu mkuu ni msimamizi wa bustani, apende asipende, na ofisa wa kata ni msimamizi pia.

Nawaomba mfanye mambo matatu. Kwanza, tafuteni ramani za viwanja vyenu, yaoneni mawe ya mpaka kwa macho, myapake chokaa. Pili, mnapokabidhiana ofisi, kiwanja kiandikwe katika hati ya makabidhiano pamoja na viti na kabati. Tatu, mvua zikianza, pandeni miti mpakani pamoja na wanafunzi. Sisi watumishi huhamishwa, na anayekuja hajui tuliyoyajua. Mti uliopandwa mpakani ni shahidi asiyehamishwa kituo cha kazi.

Mimi sikuwa na shahidi huyo, na pembe ile haikurudi hadi nilipostaafu. Ninyi bado mna nafasi.